Bandeji ya Kapteni

Jumatatu, 3 Machi

Daktari ameniambia niandike, basi naandika. Nilipomtajia kazi yangu akacheka: "Kumbe kazi yako ni kutafuta makosa! Basi nunua daftari. Kila mzee akisahau kitu, weka tarehe na alichosahau. Na akikumbuka kitu ambacho hakikutokea kabisa, hicho kipigie mstari, maana hicho ndicho kinachonitisha zaidi. Mniletee tarehe 8 Mei."

Kazi yangu kweli ni hiyo. Nasahihisha prufu, yaani nakala za majaribio kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, maboksi ya dawa ya meno. Wenzangu kazini wananiita Miwani, ingawa sivai miwani. Nikiwapa mgongo nasikia wana jina lingine, nalo silitaki kulijua.

Baba ana miaka themanini na moja. Mwezi uliopita mdogo wangu alimtembelea akakuta jiko la umeme linawaka, sufuria tupu juu yake imekuwa nyekundu. Siku tatu baadaye Baba akateleza bafuni, akateguka kifundo cha mguu. Mdogo wangu hakusubiri la tatu. Alichukua ufunguo wa nyumba ya Baba akautia mfukoni, akasema mzee haishi tena peke yake. Nyumba ile Baba aliijenga na Mama, na tangu Mama atutoke, miaka kumi na moja sasa, anaishi humo peke yake na anapenda hivyo.

Mimi na mdogo wangu tumekubaliana akae kwangu mvua hizi zote. Daktari akisema akili ni nzima, Baba anarudishiwa ufunguo wake. Akisema si nzima, mdogo wangu ameshaulizia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi niko katikati, na daftari.

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Baba ameingia na begi la nguo na boksi zima la diski za filamu za vita. Diski zimetimia zote, zimepangwa kwa miaka. Soksi hajaleta hata jozi moja. Usahaulifu wa kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe na yeye amekuja na daftari lake! Nilidhani lilishapotea.

Baba alikuwa mwonyesha sinema miaka ishirini na minane, mpaka jumba lilipofungwa. Siku hizi wanauza magodoro mle ndani. Mtu wa chumba cha mashine huitazama filamu moja mara ishirini kwa wiki kupitia kidirisha kidogo, na ukiitazama mara ishirini, huangalii tena hadithi. Unaangalia saa ya ukutani inayorudi nyuma, maiti inayopumua, buti zilizotoka kinamasini zikiwa zinang'aa. Baba aliandika yote. Yamefika makosa mia nne na kumi na mawili, karibu yote ya filamu za vita, kwa sababu mwenye jumba alizipenda hizo.

Mimi pia nilifanya kazi chumbani humo. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa Baba. Sina la kulalamika isipokuwa moja: wiki ya tatu alinitoa mashineni ghafla, akanipa ndoo ya gundi nikabandike matangazo mitaani, siku saba, mvua ikininyeshea. Hakunieleza kwa nini. Nilijua ameona sifai. Nina miaka hamsini na minne na bado jambo hilo sijalimeza.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeanza mchezo. Baba anasoma kosa kutoka daftarini, tunaweka diski, tunalitafuta. Tukilikuta, anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Limethibitishwa*. Neno hilo kalitoa kwangu, ndilo ninaloandika kwenye prufu zangu.

Leo ilikuwa filamu ya jangwani.

"Hesabu risasi," kasema Baba.

Nikahesabu. Bastola ya risasi sita imepiga kumi na moja.

"Sasa mtazame meja, sigara yake."

Sigara ilikuwa kipisi. Kamera ikaenda kwa koplo, ikarudi kwa meja, sigara ndefu kama imetoka kwenye pakiti.

"Wamevuka jangwa siku tisa," nikasema mimi, "na hakuna aliyeota ndevu."

"Maji ya kunywa yamewaishia. Ya kunyolea wanayo."

Tulicheka mpaka akashika kiuno. Limethibitishwa, limethibitishwa, limethibitishwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Rimoti kaiita "ile ya kubonyezea." Usahaulifu wa pili.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu amekuja kula. Anafundisha udereva, na hata mezani anaongea kama yuko kwenye kiti cha pembeni na mguu juu ya breki.

"Baba, sahani taratibu. Baba, glasi hiyo iko ukingoni."

Baba akaisogeza glasi mpaka katikati ya meza, kisha akaisogeza tena mpaka mbele ya mdogo wangu. "Hapo inakutosha?"

Habari ya jiko ikaja, kama kawaida. Baba akasema alichokisema toka siku ile: umeme ulikatika saa saba akiwa ameshabandika sufuria, akaona hakuna moto, akaenda kulala. Umeme ukarudi saa kumi. "Na wewe uliingia saa kumi na nusu. Nusu saa inatosha kabisa kukausha kikombe kimoja cha maji."

"Ungezima, Baba."

"Ningezima kitu ambacho hakiwaki?"

Mdogo wangu akanitazama kwa jicho la "unaona?" Nami, nikiri humu maana hakuna anayesoma, nilimtazama kwa jicho hilo hilo. Mtu akiwa na maelezo mazuri mno huwa namtilia shaka. Ni ugonjwa wa kazi.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza mlangoni. Akapapasa mfuko, ufunguo ukalia. Anatembea nao.

Jumanne, 18 Machi

Prufu za kalenda: wamempa Juni siku thelathini na moja. Nimewarudishia.

Nyumbani, filamu ya nyambizi. Kosa la 88: nahodha anatoa amri akiwa amelowa chapachapa, anageuka, amekauka. Limethibitishwa. Vidonge vya mifupa alivyoandikiwa Baba vimeisha asubuhi ya leo, nitapitia duka la dawa Ijumaa nikitoka kazini mapema. Paa la jikoni linavuja. Nimeweka beseni.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi nimechoka, beseni limejaa na kumwagika, sakafu yote maji. Nikamuuliza Baba kama kameza kidonge cha asubuhi. Akanitazama kidogo, akasema, "Sijameza." Basi, hivyo tu, wala hakujitetea. Usahaulifu wa tatu, na huu ni wa dawa, si wa soksi. Nimeogopa.

Ijumaa, 21 Machi

Duka la dawa, sokoni, fundi wa paa hakuja. Nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Alhamisi, 27 Machi

Kaniita kwa jina la shangazi. Usahaulifu wa nne. Shangazi mwenyewe alikuwa anamwita Baba kwa jina la paka.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua haijakatika siku sita. Nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka shati.

Lakini nimepata wazo, na wazo hili limenipa usingizi. Tumeshakagua makosa sitini na mawili. Yote sitini na mawili tumeyakuta pale pale alipoandika, mengine miaka thelathini iliyopita! Na mara nyingi hatazami daftari kwanza, anataja kwa kichwa kisha anafungua kuhakikisha. Kichwa kinachokumbuka sigara ya meja hakiwezi kuwa kimeharibika. Usahaulifu nimefikisha sita, lakini ni vitu vya rimoti na majina. Nitampelekea daktari na daftari la Baba pia.

Nikamwambia Baba basi tuanze mwanzo kabisa, kosa la kwanza. Nililisoma kwa sauti:

*1. Filamu ya daraja. Kapteni: bandeji mkono wa kushoto. Darajani: mkono wa kulia. Ng'ambo: kushoto tena. Pia kikosi kizima, katikati ya daraja, kinaelekea kilikotoka, kwa adui. Pia bomu halilii, kuna mvumo tu kama wa nyuki.*

"Makosa matatu kwa mpigo!" nikasema. "Hii lazima tuione."

"Diski hiyo sina," kasema Baba.

"Nitaitafuta."

"Ya nini? Tuna nyingi hapa." Akachukua daftari mkononi mwangu, akafungua ukurasa wa arobaini.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwomba tena. Kasema macho yanamuuma. Macho hayo hayo yalikuwa yameona waya wa umeme nyuma ya askari wa karne mbili zilizopita dakika tano kabla.

Jumatano, 16 Aprili

Usahaulifu wa saba (chumvi mara mbili kwenye supu) na wa nane (kafunga mlango, ufunguo wangu ndani). Mwenye duka la diski mtaa wa tatu anasema filamu ya daraja anayo, ataniletea.

Jumamosi, 19 Aprili

Natamani ningeiacha.

Baba alikuwa kwa kinyozi, mimi peke yangu sebuleni, saa nne asubuhi. Nimeweka diski. Nimemtazama kapteni anajeruhiwa, anafungwa bandeji mkono wa kushoto. Wakafika darajani. Nikasogea mpaka karibu na kioo. Kushoto. Nikarudisha. Kushoto. Kikosi kinakwenda mbele, kulia kwenda kushoto, hakuna anayerudi kwa adui. Bomu likalia nikaruka kwenye kiti. Nyuki hawapo.

Nimeitazama mara tisa. Kapteni ana bandeji mkono wa kushoto kuanzia anapojeruhiwa mpaka anapopewa medali.

Kosa la kwanza halipo. Halijawahi kuwepo.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwonyesha. Pengine nisingemwonyesha, lakini mimi prufu yenye kosa siwezi kuipita, na niliona afadhali nijue.

Alimtazama kapteni akivuka daraja. Nikasema, kwa upole kadiri nilivyoweza, "Baba, bandeji iko kushoto mwanzo mpaka mwisho."

"Zima."

"Na bomu linalia. Labda ulichanganya na filamu nyingine?"

"Nimesema zima. Nilichokiona, nilikiona." Hajawahi kunipandishia sauti toka nilipokuwa shule. "Na usilifute! Unasikia? Usiguse ukurasa huo."

Akaenda chumbani akafunga mlango. Nikabaki na rimoti.

Daktari alisema kitu ambacho hakikutokea nikipigie mstari. Nimeandika: usahaulifu wa tisa. Nimeupigia mstari. Kalamu imepasua karatasi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia mdogo wangu kwa simu. Nilitegemea aseme "nilikwambia." Hakusema. Nikasikia anapenga kamasi.

"Dada, siku ile nilipofungua mlango moshi ulinijia usoni," akasema. "Nilimwita mara tatu hakuitika. Nilidhani naenda kumkuta chumbani amekufa. Alikuwa amelala tu, anakoroma. Toka siku hiyo, simu ikilia nashtuka."

Miezi miwili hii nimekuwa nikimwona mtu mwenye haraka ya kumfungia Baba mlango. Kumbe ufunguo anautembeza mfukoni kwa woga. Nilimwambia aje Jumapili, nitapika mimi. Akasema atajaza fomu ya ile nyumba ya wazee, aje nayo kwa daktari tarehe 8, ikibidi. Nikasema sawa.



Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Hatutazami filamu. Anasoma gazeti la juzi.

Ijumaa, 2 Mei

Niandike haraka kabla mkono haujachoka.

Leo kazini imekuja prufu ya jalada: picha ya mwalimu mkuu anayestaafu, kwa ajili ya kitabu cha shule yake. Nimeitazama ikanikera na sikujua kwa nini. Nikaweka kando picha ya asili. Pale beji iko kifuani kushoto. Kwenye prufu iko kulia. Saa ya mkononi imehama. Vifungo vya koti vimehama upande.

"Mmeigeuza," nikamwambia fundi wa pleti, anayehamishia picha kwenye bamba la kuchapia. "Mmelaza filamu upande wa nyuma. Ndani imekuwa nje."

"Aa, Miwani, nani ataona? Mtu ni yule yule."

"Beji imehama mkono, we!"

Nikajisikia nimesema kitu. Imehama mkono. Nikakaa chini. Fundi akadhani nimepandwa na presha, akaniletea maji.

Utepe wa sinema ukikatika sehemu mbili, kinatoka kipande cha katikati. Unakisafisha, unakiunga tena. Kina upande unaong'aa na upande uliofifia, na ukikosea, ukakigeuza, matundu ya pembeni yanalingana vile vile, mashine inakipokea bila ubishi. Ila kwenye pazia la kuonyeshea, katika kipande hicho tu, kushoto kunakuwa kulia. Bandeji inahama mkono. Kikosi kilichokuwa kinakwenda mbele kinarudi kilikotoka. Na mstari wa sauti, ambao uko upande mmoja wa utepe, unahamia upande wa pili, mashine inasoma ukingo wa picha badala ya sauti. Inavuma. Inavuma kama nyuki!

Baba alinifundisha mwenyewe haya yote. Alichokiona alikiona. Halikuwa kosa la filamu, lilikuwa kosa la chumba cha mashine, la kopi ile moja.

Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kumrekebisha mwalimu mkuu. Kisha likaja swali. Baba hakuwahi kuunga utepe vibaya maisha yake yote. Sasa nani aliunga?

Jumamosi, 3 Mei

Jibu amenipa Mama Tiketi. Ndiye aliyekaa dirishani pale sinema miaka yote, sasa ana duka la uzi na vifungo nyuma ya stendi. Nilimkuta anapanga vifungo kwa rangi.

"Filamu ya daraja?" kasema, akaanza kucheka kabla sijamaliza. "Watu walipiga miluzi! 'Kapteni amehama mkono! Jamani mnakwenda wapi, adui yuko huko!' Wiki nzima walikuja kuangalia kipande hicho tu. Tuliuza tiketi kuliko filamu yoyote."

"Wiki nzima? Baba hakukiunga upya?"

"Angekiunga vipi? Mwenye jumba alikuwa ndani siku ya kwanza. Akapanda ngazi anafoka, nani kaharibu utepe wangu, anaondoka leo leo. Unamjua yule, alishafukuza wawili kwa mkwaruzo tu. Baba yako akamwambia hakuna aliyeharibu, filamu imekuja hivyo, ndivyo walivyoitengeneza, na filamu za vita zote zina makosa ya namna hiyo. Mwenye jumba akasema, nithibitishie. Kesho yake baba yako akamletea daftari, makosa saba, kayaandika usiku kucha. Basi mwenye jumba akaingia kwenye mchezo huo, akawa anatafuta na yeye. Lakini baba yako angekigeuza kile kipande wiki ile, si angejulikana? Akakiacha mpaka kopi inarudishwa."

"Na aliyeunga alikuwa nani?"

Mama Tiketi akaweka vifungo chini, akanitazama kama mtu anayeangalia kama natania.

"Mwanangu, mlikuwa wawili tu mle chumbani. Na mchana wa siku ile baba yako alikuwa kwa daktari wa meno."

Nilitembea kurudi nyumbani bila kufungua mwavuli. Wiki ya tatu kazini. Ndoo ya gundi. Siku saba mitaani nikibandika matangazo, tena ya filamu ile ile, ili nisikanyage ukumbini nikaona pazia.

Jumapili, 4 Mei

Alikuwa anamenya viazi. Nilikaa upande wa pili wa meza.

"Baba, kosa la kwanza ni langu."

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Mama Tiketi."

"Yule mama hajawahi kutunza siri hata moja. Hata mwisho wa filamu alikuwa anawaambia watu dirishani." Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Ulikuwa na wiki mbili tu kazini. Ulikuwa unaunga vizuri. Ningekwambia siku ile, mkono ungeanza kutetemeka, usingeunga tena."

"Miaka thelathini na mitano, Baba!"

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nakuficha. Baada ya hapo raha ilinikolea, nikasahau kuacha." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Sikutaka uitazame kwa sababu nakujua. Ungepekua mpaka ujikute. Lakini kwa nini siku ile ulinitazama vile? Kama umemwona mgonjwa."

Nikamwambia. Daktari, daftari, tarehe 8, fomu ya mdogo wangu. Alijua anakwenda kupimwa, lakini hakujua kwamba nyumba yake imo ndani ya kipimo hicho, wala kwamba mimi ndiye mwandishi. Nilisema nisamehe. Alinyoosha mkono wenye maganda ya viazi.

"Lete nilisome."

Alisoma lote, toka soksi. Nilisimama kwenye sinki nimempa mgongo, nikiosha sufuria iliyokuwa safi. Mara akacheka, mara akaguna. Nikasikia anafungua kalamu nyekundu.

"Jumanne tarehe kumi na nane," akasema, "umeandika vidonge vimeisha asubuhi. Utanunua Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jumatano tarehe kumi na tisa umeandika nimesahau kumeza kidonge." Akaninyooshea daftari. "Ningemeza nini?"

Nikasoma. Nikasoma tena. Kurasa mbili zinazotazamana, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mimi ndiye Miwani.

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza kama nimemeza. Nikasema sijameza. Hukuuliza kwa nini, ulikimbilia beseni." Akahesabu kwa vidole. "Soksi ni yangu. Rimoti ni yangu. Shangazi, chumvi, mlango, na hayo mengine mawili, yangu. Saba nakubali, mimi ni mzee. Ya tatu ni yako. Na ya tisa, uliyoipigia mstari mpaka ukapasua karatasi, nayo ni yako."

Nilikaa chini nikacheka na kulia kwa pamoja, na Baba akanipa kiazi na kisu, akasema basi angalau nisaidie kazi.

Mdogo wangu alipofika chakula kilikuwa bado. Tulimsimulia. Alisikiliza bila kumwambia mtu yeyote taratibu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba siku ya jiko, alipopiga hodi kwa jirani kuomba msaada, jirani alikuwa anafurahi umeme umerudi. "Nilisikia, Baba. Sikutaka kuunganisha."

"Ukiunga," Baba kasema, "angalia upande unaong'aa."

Alhamisi, 8 Mei

Kwa daktari. Amempa Baba maneno ya kukumbuka, amemhesabisha kinyumenyume, amemwambia achore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Baba akachora, akainua macho.

"Daktari, ukutani ni saa nne na robo. Mkononi mwako ni saa nne na dakika ishirini na tano. Mmoja wenu yuko kwenye tukio lingine."

Daktari akatazama ukuta, akatazama mkono, akapanda kiti kurekebisha saa.

Amesoma daftari langu, na wino mwekundu wa Baba juu yake. Amesema ni uzee, si ugonjwa. Masikio yapimwe. Bafuni viwekwe vishikio. Jiko libadilishwe, liwe la kujizima lenyewe. Arudi baada ya miezi sita. Mdogo wangu aliikunja ile fomu mara nne, akaitia kwenye pipa la taka la daktari, kisha akatoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa umemwachia alama kitambaani. Baba akaupokea, akauangalia pande zote mbili.

Nje hakukuwa na mvua. Sikuwa nimeliona hilo asubuhi.

Jumamosi, 17 Mei

Tumemrudisha kwake. Jua kali, nguo zimekauka kabla ya saa sita. Mdogo wangu amefunga vishikio bafuni, amevijaribu kwa kuning'inia mwenyewe. Soksi nimezipakia mimi, jozi kumi na mbili, nikazihesabu mara mbili, maana sasa najua mkono wangu nao hukosea. Ajabu ni kwamba kujua hivyo kumenipumzisha mabega.

Kabla sijaondoka Baba alileta daftari lake mezani. Mwishoni ameongeza kosa la 413: *Msahihishaji aandika dawa zimesahauliwa siku moja baada ya kuandika zimeisha.* Pembeni, kwa wino mwekundu: *Limethibitishwa.*

Kisha akafungua ukurasa wa kwanza, akanipa kalamu. Kosa namba moja, kapteni na bandeji yake, ndilo pekee kwenye ukurasa ule ambalo halikuwa na alama. Nikamuuliza niandike nini.

"Kazi yako unaijua," kasema Baba.

Nikaandika: *Limethibitishwa.* Nikaweka tarehe, nikatia sahihi yangu.